Kununua mashine au kukodi? Tupige hesabu za hospitali zetu za Mtwara na Lindi kabla hatujasaini

MhasibuKusini ameandika:

Wakuu, habari za jioni. Najua humu wamo matabibu, watu wa maabara, mafundi wa vifaa tiba na wajumbe wa bodi kuanzia Newala mpaka Kilwa. Naleta jambo ambalo hospitali nyingi za huku kwetu zinakutana nalo sasa hivi, na likiamuliwa vibaya wagonjwa ndio watakaoumia miaka kumi mfululizo.

Natunza hesabu za hospitali ndogo ya shirika la dini, mkoa wa Mtwara, mbali kidogo na lami. Eksirei yetu ya filamu imechoka. Bodi inatakiwa ichague moja kati ya njia mbili. Ama tununue mashine mpya ya kidijitali kwa fedha za michango, ama kampuni ilete mashine yake, iifunge kwenye chumba chetu, iihudumie yenyewe, nasi tuwape sehemu ya malipo ya kila picha. Wajumbe wengi wameshaipenda ya pili kwa sababu haina hela ya kutanguliza. Wengine hawataki hata kuisikia, wanasema cha kukodi si chako. Mimi naona pande zote mbili zinaangalia bei ya siku ya kwanza, na siku ya kwanza ndiyo rahisi kuliko zote.

Tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kufuatilia. Kila mtu aweke za kwake.

Tuseme mashine, usafiri na ufungaji ni shilingi milioni 180, na itafanya kazi miaka 10. Uchakavu ni milioni 18 kwa mwaka. Waranti ikiisha, mkataba wa matengenezo huwa unacheza kwenye asilimia 5 hadi 10 ya bei ya mashine kila mwaka. Nachukua 8, inakuja milioni 14.4. Halafu kuna vitu vinavyokufa kabla ya mashine yenyewe: detekta inayonasa picha, betri za UPS zinazoshikilia umeme ukikatika, tyubu inayotoa mionzi. Hivyo usipovitengea akiba vitakukuta huna kitu. Tuseme milioni 6. Jumla ni milioni 38.4 kwa mwaka, na hela hiyo inatoka hata asipokuja mgonjwa mmoja. Mshahara wa mpiga picha, umeme na vibali vya Tume ya Nguvu za Atomiki nimeviacha, maana hivyo tutavigharamia kwa njia yoyote.

Kampuni inasema mgonjwa alipe 25,000 kwa picha, wao wachukue 15,000, sisi tubaki na 10,000. Gawanya milioni 38.4 kwa 15,000, unapata picha 2,560 kwa mwaka, kama 213 kwa mwezi. Zikiwa pungufu ya hapo, kulipa kwa picha ni nafuu. Zikizidi hapo, kumiliki ni nafuu.

Kama mambo yangeishia hapo nisingefungua uzi. Kuna kifungu katikati ya rasimu ya mkataba kinachosema kiwango cha chini ni picha 250 kwa mwezi, na zikipungua hospitali inalipa pengo. Hiyo ni milioni 45 kwa mwaka, mgonjwa aje asije. Raha yote ya kukodi, kwamba unalipia ulichotumia, kifungu hicho kimeifuta. Kukosekana kwa wagonjwa tumekubeba sisi, matengenezo ya mashine tumeyalipia sisi ndani ya ile 15,000, na mashine yenyewe si yetu.

Sasa tuutazame mwaka wetu wa Kusini. Kuanzia Oktoba minada ya korosho inaanza, hela za vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) zinaingia, na watu wanakuja hata na maumivu waliyoyavumilia tangu Pasaka. Mpaka Januari chumba cha picha kina foleni. Machi, Aprili, Mei hali ni nyingine kabisa. Mvua, barabara mbovu, mfuko mtupu. Watoto wanaletwa kwa malaria, lakini mtu mzima mwenye mguu uliovimba anakaa nyumbani anajikanda na maji ya moto. Kiwango cha chini kinachohesabiwa mwezi kwa mwezi kinatukata hasa miezi hiyo, na ziada ya Novemba haihamishiwi Aprili. Aliyeandika mkataba huu anaifikiria hospitali ya mjini.

Na bado sijagusa jambo linaloninyima usingizi. Mashine ikizima, nani anaumia? Tukiimiliki na ikazima wiki tatu tukisubiri fundi kutoka Dar es Salaam, kwa wagonjwa 10 kwa siku tunapoteza 250,000 kila siku. Ikiwa ya kampuni tunapoteza 100,000 kila siku, wao 150,000, kwa hiyo nao wana sababu ya kukimbia. Lakini wakiwa na kiwango cha chini wanalipwa hata ikiwa imezima, isipokuwa mkataba uwe umesema vinginevyo. Wetu haujasema.

Naomba wenye uzoefu waseme. Hasa mafundi.

FundiVifaaTiba amejibu:

Mkuu, umeuliza swali ambalo mafundi tunatamani bodi zote ziulize. Nafanya kazi hii ukanda wa Pwani ya Kusini, nimefungua mashine nyingi, nitasema ninachokiona.

Kuna utafiti wa Perry na Malkin uliochapishwa 2011. Walipitia orodha za vifaa zaidi ya laki moja katika nchi 16 zenye kipato kidogo, wakakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Sababu kubwa walizozitaja ni tatu: mafunzo, usimamizi wa vifaa, na miundombinu kama umeme na maji. Ukisoma hizo sababu utaona zote zinabaki palepale ulipo, uwe umenunua au umekodi. Mkataba hauwezi kuutuliza umeme wako.

Hapa Mtwara na Lindi mjini adui ni chumvi na unyevu. Ukifungua kifuniko cha nyuma cha mashine iliyokaa miaka michache karibu na bahari bila kiyoyozi, unakuta miguu ya saketi imeota ukungu wa kijani, na ukiigusa na brashi inapukutika. Mashine kwa nje inang'aa, ndani imekwisha. Ukipanda uwanda wa Makonde chumvi inapungua, lakini unakutana na vumbi jekundu lililojaa kwenye feni mpaka haizunguki. Kwa hiyo chumba chenye kiyoyozi kisichozimwa usiku, stebilaiza ya kufaa na UPS ni sehemu ya bei ya mashine. Nimeona watu wananunua mashine ya mamilioni halafu wanabana hela kwenye stebilaiza.

Kuhusu kukodi: kampuni nyingi zina fundi mmoja au wawili, na wote wanakaa Dar. Kutoka Dar mpaka Mtwara ni kilomita kama 560. Fundi hapandi basi kwa ajili ya hospitali moja, anasubiri zifike tatu. Mkuu, kwenye mkataba usikubali maneno kama "kwa haraka" au "ndani ya muda unaofaa". Andika saa. Wajibu simu ndani ya saa 4, fundi awe amefika ndani ya saa 72, na spea zinazokufa mara kwa mara ziwe zimehifadhiwa Mtwara.

Na hili zito kuliko yote: ajiri fundi wako. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo cha Ufundi Arusha wanafundisha vijana wa vifaa tiba. Kijana mmoja mwenye diploma, mita ya umeme na daftari la sevisi atakuokolea hela nyingi kuliko kipengele chochote cha mkataba. Sehemu kubwa ya simu ninazopigiwa ni fyuzi, kebo iliyokatika, chujio lililoziba, betri. Mtu akiwepo pale pale, hayo yanaisha kabla ya chakula cha mchana.

Mkaa Chuno amejibu:

Mimi nasimama na wanaokataa kukodi. Someni ya Kenya. Mwaka 2015 serikali yao ilianzisha mpango wa kukodi vifaa tiba kwa hospitali 98, mkataba wa miaka 7, shilingi zao bilioni 38. Kila kaunti ilikatwa juu kwa juu milioni 95 kwa mwaka, baadaye ikafika milioni 200, kaunti zote sawa, inayotumia na isiyotumia. Zipo hospitali ambako mashine zilikaa kwenye maboksi kwa sababu hakuna umeme wa kutosha, hakuna maji, hakuna mtaalamu. Kodi ikaendelea kulipwa. Mpaka Seneti ikaunda kamati maalumu, ripoti ikatoka 2020.

Hawa walikuwa serikali nzima yenye wanasheria. Hospitali ya misheni yenye mhasibu mmoja itashindana vipi na kampuni?

DadaMaabara amejibu:

Kaka Mkaa Chuno, ya Kenya ni kweli, ila malizia upande wa pili. Zipo kaunti ambazo wagonjwa wa figo walianza kusafishiwa damu karibu na nyumbani kwa mara ya kwanza kupitia mpango huo huo. Kilichowaumiza ni malipo yasiyofuata matumizi, ndicho alichokisema Mhasibu kuhusu picha 250. Kukodi kwenyewe hakukuwa na kosa.

Nizungumzie maabara maana ndiko ninakoshinda. Huku wengi hatununui mashine kubwa tena. Mzabuni anakuwekea mashine ya FBP (picha kamili ya damu) au ya kemia bila kulipa, wewe unasaini kununua vitendanishi vyake, zile kemikali za kupimia, miaka 3 au 5. Kwa hospitali isiyo na mtaji ni msaada mkubwa, sisemi uongo. Ikiharibika wanaileta nyingine, kwa sababu mashine ikilala hawauzi. Wana njaa yao ya kuifanya iwake.

Lakini bei ya mashine imo ndani ya dumu la kitendanishi, na dumu hilo halinunuliki kwa mtu mwingine. Mashine inasoma chipu au msimbo wa boksi, ukileta la kampuni nyingine inakataa. Kwa hiyo siku ya kusaini usiulize mashine ni bei gani. Uliza jibu moja litakalotoka lina gharama gani, ukijumlisha kila kitu.

Na "kila kitu" ni hiki. Asubuhi ninapoiwasha mashine ya FBP inajisafisha, inavuta kimiminika, inajipima bila damu kuhakikisha haina uchafu. Kisha naweka sampuli za udhibiti, za chini, za kawaida na za juu. Mgonjwa wa kwanza hajachomwa sindano, kitendanishi kimeshatumika. Jioni ukiizima inajiosha tena. Hospitali yenye wagonjwa 60 kwa siku hilo halionekani. Kituo chenye wagonjwa 6, kila jibu linabeba gharama ya kuwasha na kuzima. Ongeza kwamba chupa ikifunguliwa tarehe ya mwisho inakuwa fupi kuliko ile iliyoandikwa kwenye lebo. Nimemwaga chupa zikiwa nusu, na iliniuma sana kwa sababu nilijua kijiji gani kilichangia hela ile.

Bei za vitendanishi pia zinashuka watu wakikaza. GeneXpert, ile ya kifua kikuu, katriji yake ilikuwa dola 9.98 tangu 2012 kwa nchi zetu. Wanaharakati wa afya duniani walisukuma miaka mingi, na Septemba 2023 ikashuka hadi dola 7.97. Mashine zile zile, wagonjwa wale wale. Kwa hiyo hospitali za dini za Kusini zikienda kwa mzabuni kwa pamoja, Ndanda, Nyangao na vituo vidogo, zitasikilizwa kuliko kila mmoja akienda peke yake.

Benki Mstaafu amejibu:

Mhasibu, hesabu zako zimenyooka. Nataka kuongeza riba kwa wasomaji ambao hawana michango kama nyinyi.

Mtu akikopa hiyo milioni 180 kwa riba ya asilimia 15, salio likipungua, kwa miaka 5, analipa karibu milioni 4.28 kila mwezi. Jumla inafika kama milioni 257. Riba peke yake ni milioni 77. Ukiitandaza kwa miaka 10 ya mashine ni milioni 7.7 kwa mwaka, kwa hiyo gharama ya kumiliki inapanda kutoka 38.4 hadi 46.1. Hapo inaupita hata ule mkataba mbaya wa milioni 45. Mpaka wako wa picha 2,560 unakuwa 3,070 hivi.

Kwa lugha nyingine, mwenye fedha taslimu na wagonjwa wengi anunue. Anayekopa na wagonjwa wachache alipe kwa picha, ila bila kiwango cha chini. Kuna njia ya tatu watu wanaisahau, ukodishaji wa kifedha, una sheria yake tangu 2008. Unalipa kwa awamu, mwishoni mashine inakuwa yako. Ila hapo matengenezo ni juu yako, msichanganye na hiyo ofa ya kugawana mapato.

Angalieni pia sarafu. Mwaka 2023 na 2024 shilingi iliteleza mpaka dola ikapita 2,600. Aliyekuwa na mkataba wa dola alilipa zaidi kwa mashine ile ile. Kanuni za 2025 zimekataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo dai shilingi. Lakini soma kama kuna kifungu cha "bei itarekebishwa kufuatana na soko", kwa sababu dola inaweza kurudi kwa mlango huo. Na uliza VAT ya asilimia 18, kama inahusika, iko ndani ya ile 15,000 au itakuja juu yake.

MhasibuKusini ameandika:

Nashukuru Mzee wetu. Riba niliiacha kwa kuwa fedha yetu ni ya michango, lakini ni vizuri umeiweka maana najua vituo vitatu jirani vinafikiria mkopo.

Niongeze lingine upande wa mapato. Bei ya 25,000 si yetu kuipanga kwa wagonjwa wote. Wa bima wanalipiwa bei ya NHIF, na bei hizo hubadilika. Tuliona kitita cha mafao kilichoanza Machi 1, 2024 kilivyozua mgogoro na hospitali binafsi. Sasa mkataba wa kampuni unasema wao wachukue 15,000 kamili, si asilimia 60. Bima ikishusha bei, au ikikata fomu kwa sababu saini haikusomeka, wao wana 15,000 yao mkononi na hospitali inabaki na deni. Na bima inalipa baada ya miezi, kampuni inataka kila mwisho wa mwezi. Hilo pengo tutaliziba na nini? Na hela ya dawa?

Nesi wa Theatre amejibu:

Nimesoma yote, naomba tusizungumze eksirei tu. Vipo vitu ambavyo kwa maoni yangu hospitali isivikodi kabisa, hata wakileta bei ya kutupa.

Oksijeni ya kwanza. Mtungi mkubwa una lita 6,800. Mgonjwa mmoja anayevuta lita 5 kwa dakika anaumaliza kwa saa 22 hivi. Ukiwa na wagonjwa wanne wodini, ni mitungi zaidi ya minne kwa siku, na yote ijazwe mbali na irudi kwa gari. Kwenye karatasi kununua oksijeni kwa mtungi ni nafuu kwa sababu hakuna mtambo wa kugharamia. Usiku gari likikwama ndiyo unajua bei yake. Mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani, zile za lita 5 na 10, nunueni, ziwe zenu, fundi awe anasafisha chujio kila wiki, na mitungi ibaki kama akiba.

Mashine ya usingizi, ya kufyonza, taa ya upasuaji, sterilaiza, joto la watoto njiti. Mama anatoka damu saa nane usiku, siwezi kuwa na kifaa ambacho mwenye funguo ya kukifungua yuko Dar.

Mwana Kilwa amejibu:

Nesi umenena. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakapanga foleni pande zote. Hakuna fundi, hakuna spea, hakuna dumu la kitendanishi lililopita. Mkataba wowote wa huku uandikwe mtu akikumbuka siku zile. Kampuni ina kifungu cha majanga kinachowasamehe wao wasipofika. Hospitali nayo iwe na kifungu kinachoisamehe isipolipa kwa siku hizo hizo.

Mjumbe wa Bodi, Tandahimba amejibu:

Mimi si mtaalamu, ni mkulima wa korosho niliyechaguliwa na parokia. Nashukuru kwa uzi huu maana vikaoni wanatuletea makaratasi ya Kiingereza kurasa arobaini na kusema tusaini kabla ya chakula.

Kwa mkulima gharama ya mashine kuzima haiko kwenye daftari la mhasibu. Kijana wangu alianguka mkoroshoni, tukafika kituo fulani, tukaambiwa mashine haifanyi kazi, nendeni mbele. Bodaboda, kisha gari ya kukodi, mkono umefungwa kwa kanga na vipande viwili vya mti. Tulipofika tulikopigwa picha, picha yenyewe ilikuwa rahisi kuliko usafiri. Na tulipolipa kwenye lile dirisha la kwanza hela ya kuandikisha, haikurudishwa.

Kwa hiyo mimi nauliza moja tu: kwa njia hizi mbili, ipi itafanya kazi siku nyingi zaidi kwa mwaka? Kama ya kukodi inawaka siku 340 na ya kununua siku 250, basi nakodi hata kama ni ghali kidogo. Na kama ni kinyume, nanunua.

FundiVifaaTiba amejibu:

Baba, swali lako ndilo linalotakiwa liwe kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba wowote. Sisi tunaliita upatikanaji wa mashine. Dai asilimia 95, ipimwe kwa daftari la hospitali na si la kampuni. Kila siku inayopita chini ya hapo, malipo yapungue yenyewe bila kuandikiana barua. Wakikataa hilo, jua na wao hawaiamini mashine yao.

Nyongeza kwa Mhasibu: mashine wanayotaka kuwafungia ni mpya? Wengine wanazungusha mashine iliyotolewa kwingine. Siyo dhambi, mashine iliyotumika inaweza kuwa nzuri, ila omba usajili wake TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mwaka wa kutengenezwa, na idadi ya picha ambazo tyubu imeshapiga. Mashine inaihifadhi namba hiyo yenyewe, fundi yeyote anaweza kukufungulia uione.

MhasibuKusini ameandika:

Wakuu, nimekaa na haya yote pamoja na daktari kiongozi na mkuu wa maabara. Naeleza tunachopeleka kwenye bodi, anayeona kasoro aseme kabla ya kikao.

Vifaa vya theatre, wodi ya wazazi na oksijeni tunanunua, bila mjadala. Ultrasaundi pia, kwa sababu inatumika kila siku, haihitaji chumba maalumu, na kwa wajawazito wetu tumeshavuka kiwango ambacho kumiliki ni nafuu. Sehemu ya michango iliyokuwa iende kwenye eksirei itaenda huko.

Maabara tunaendelea na mashine za kuwekewa, lakini kwa bei ya jibu lililotoka. Vitendanishi vya kuwashia, vya udhibiti na vya kurudia kipimo kilichokosewa na mashine viwe juu ya mzabuni. Dada Maabara ametufungua macho hapo. Na tumeandikia hospitali nyingine mbili kuziomba tuende pamoja.

Eksirei ndiyo ilikuwa ngumu. Mwaka uliopita tulipiga picha chache kuliko 2,560, na filamu ilikuwa inaisha mara kwa mara, kwa hiyo za kidijitali zinaweza kuongezeka. Tunapendekeza kulipa kwa picha kwa miaka 3 tu, si 7 walizotaka. Kiwango cha chini kiondoke. Wakishikilia lazima kiwepo, kihesabiwe kwa mwaka mzima na kisizidi picha 1,200, ili Novemba iibebe Aprili. Mgao uwe asilimia ya hela iliyopokelewa, bima ikilipa nao ndipo wanalipwa. Upatikanaji asilimia 95 kwa daftari letu. Mwisho wa miaka 3 tuwe na haki ya kuinunua kwa bei iliyoandikwa leo. Na hela ya michango tusiyoitumia ikae kwenye akaunti ya muda maalumu ikisubiri siku hiyo, isiguswe kwa mishahara wala mafuta ya gari.

Fundi tunamwajiri kwa njia zote mbili. Hilo daktari kiongozi amelibeba mwenyewe.

Kampuni wakikataa asilimia 95 na masharti yetu ya kiwango cha chini kwa pamoja, mimi nitasimama kwenye bodi niseme tununue, na nina hesabu mkononi.

DadaMaabara amejibu:

Safi sana. Jambo moja limebaki. Picha za wagonjwa zitahifadhiwa wapi? Kama ziko kwenye seva ya kampuni, siku mkiachana wanaondoka nazo, na mgonjwa wa kifua kikuu anayehitaji kulinganisha picha ya mwaka juzi hana kitu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Andikeni kwamba picha ni za hospitali, nakala ikae kwenu kila siku, na wakiondoka hawabaki na hata moja.

MhasibuKusini ameandika:

Nimeiingiza sasa hivi, kifungu cha 14. Kikao ni Alhamisi. Mwenye mkataba wa kulipa kwa picha uliokwisha kufanya kazi Lindi au Ruvuma, aniwekee humu kurasa za malipo na matengenezo, afiche majina. Nahitaji kuona maneno waliyoyatumia kwenye adhabu ya mashine kulala.